Mke wangu akilia, mimi hutoka nje

"Daktari, nina miaka 37 na ninaishi Donholm, Nairobi, na mke wangu pamoja na watoto wetu wawili. Mimi ni mhasibu. Silewi, sipigi mtu, karo na kodi ya nyumba hulipwa kwa wakati. Mwezi Aprili mama mkwe alifariki. Usiku ule simu ilipoingia, mke wangu aliketi sakafuni jikoni akaanza kulia. Mimi nilichukua mitungi miwili nikashuka kuteka maji, na siku hiyo maji yalikuwa yanatoka kwenye mfereji wa nyumbani. Nilikaa huko chini karibu saa nzima. Tangu hapo ananiambia ameolewa na mpangaji. Kitandani nako si kuzuri. Nguvu ninazo, lakini tukimaliza na akinikumbatia nahisi kama ninabanwa, naenda kulala kwenye kochi. Tukikosana hamu huja, tukipatana inapotea. Nililelewa na nyanya huko Makueni hadi miaka 9. Baba alikuwa kazini Mombasa, mama alishaondoka. Nikiwa darasa la nne nikapelekwa shule ya bweni. Usiku wa kwanza nililia, matroni akanisimamisha mlangoni hadi niliponyamaza. Siku za wazazi kutembelea watoto sikuwa na mtu, kwa hiyo nilikuwa naenda nyuma ya bweni naosha soksi. Sijalia tangu wakati ule, hata siku ya kumzika baba, na nilikuwa nimeshamsamehe. Je, ni kulelewa na nyanya kulikoniharibu? Au nilizaliwa bila moyo? Rafiki yangu ananiambia kuna dawa za mitishamba. Halafu mwakani nataka kumpeleka kijana wetu wa miaka 8 bweni. Mama watoto hataki, mimi naona itamkomaza."

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yamerudi palepale: kwenye mitungi na kwenye soksi. Huenda uliviandika kama mambo ya kando. Kwangu vimebeba nusu ya jibu, na nitavirudia.

Niseme kwanza nilivyokuelewa. Hushindwi kuwa baba wala kutafuta riziki. Kinachokutisha ni kwamba mtu unayempenda akiumia mbele yako, ndani yako kunazima, kama stima zinavyopotea mtaani bila taarifa, na hujui swichi iko wapi. Unaogopa pia kwamba mkeo amechoka. Hofu hiyo ya pili usiipuuze. Mwanamke anayekuambia ameolewa na mpangaji bado anazungumza nawe, bado anakubishia hodi. Wanandoa wanaofika ofisini kwangu wakati mmoja wao ameshanyamaza kabisa huwa na safari ndefu kuliko yenu.

Hukuzaliwa bila moyo. Mtu asiye na moyo hangekumbuka, miezi mingi baadaye, kwamba maji yalikuwa yanatoka kwenye mfereji.

Na nyanya yako mwache apumzike, hana kosa. Wako watu wengi wanaoamini kwamba mtoto asiyelelewa na mama mzazi lazima aharibike, na hata vitabu vya kigeni vimechangia dhana hiyo. Lakini utafiti uliotufungulia macho kuhusu mtoto na mlezi wake ulifanyika hapa jirani. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuwa ametoka kufanya kazi London na daktari John Bowlby, alikuwa akizitembelea familia 26 za Waganda vijijini karibu na Kampala. Alikaa nao barazani, akatazama nani anambeba mtoto, mtoto akilia nini kinafuata, mama akienda shambani mtoto anafanya nini. Aliona kwamba watoto hushikamana pia na bibi, baba, shangazi na dada wakubwa. Jambo zito lilikuwa hili: je, yupo mtu anayeisikia ishara ya mtoto na kuiitikia? Akiwepo huyo, mtoto humfanya nanga. Atakwenda kucheza mbali, atageuka kumtazama, atarudi.

Kwa hiyo nakuuliza: miaka ile tisa ya Makueni, ukijikwaa ulikuwa unamkimbilia nani? Kama jibu ni nyanya, basi wewe si mtu ambaye hajawahi kuonja joto. Ulikuwa nalo, kisha ukatenganishwa nalo ghafla. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na hilo la pili ni rahisi kidogo kutibu, maana mwili una kumbukumbu ya kurudia.

Sasa nikueleze kilichotokea pale bwenini. Katika miaka ya 1950, Bowlby na mwenzake James Robertson waliwatazama watoto wadogo waliolazwa hospitalini Uingereza, wakati ambapo wazazi waliruhusiwa kuja kwa nadra sana. Mtoto alianza kwa kulia na kupinga. Siku zikipita alinyong'onyea, akakata tamaa. Kisha alichangamka, akala, akacheza na kila mtu, na wauguzi wakafurahi wakisema amezoea. Lakini mama alipokuja, mtoto huyo alimtazama kama mgeni. Hakuwa amezoea. Alikuwa ameacha kutarajia. Wale walikuwa wadogo kuliko wewe, wengi chini ya miaka minne, na sitaki kukudanganya kwamba mtoto wa miaka 9 ni sawa na wa miaka miwili. Mtoto wa miaka 9 anaelewa kalenda, anaweza kuhesabu wiki zilizobaki shule zifungwe. Lakini nawe ulipita njia ileile: ulilia, ukasimamishwa mlangoni, ukanyamaza, na mtu mzima aliyekuwa zamu akaona kazi imekwisha.

Ainsworth alipohamia Marekani, huko Baltimore, alitengeneza jaribio dogo. Mtoto wa mwaka mmoja anaingia na mama yake katika chumba chenye vitu vya kuchezea. Mama anatoka kwa dakika chache, kisha anarudi. Watoto wengi walilia, na mama aliporudi wakamrukia, wakatulia, wakaendelea kucheza. Lakini walikuwepo wengine ambao mama alipoingia hawakuinua hata kichwa. Waliendelea kushika vitu vyao, kimya, kama watu wazima walio na shughuli. Ukiwaona utasema hawa ndio wakakamavu. Mwaka 1977 wanasaikolojia Alan Sroufe na Everett Waters waliandika kuhusu mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, na moyo ulikuwa ukienda mbio kama wa wale wanaolia. Uso umetulia, mikono ina kazi, kifua kinagonga. Walikuwa wamejifunza kwamba ukilia, mtu wako anakuwa mbali zaidi. Basi unashika kitu.

Wewe ulishika soksi.

Jione nyuma ya lile bweni. Mbele kuna magari yameegeshwa, kuna vyombo vya pilau na chupa za soda, wenzako wameketi kwenye leso na mama zao. Wewe una karai na kipande cha sabuni, unasugua kisigino cha soksi ambayo pengine ilishatakata. Hakuna anayeweza kukucheka, kwa sababu una kazi. Ulikuwa na miaka 9 na ulivumbua njia ya kupita siku ile bila kuvunjika. Mimi sioni ubaya wa moyo hapo. Naona mtoto mwerevu asiye na mtu.

Miaka ikapita na Aprili ikaja, uchungu ukaingia jikoni kwako, na mikono ikatafuta kazi. Haikupata karai, ikapata mitungi. Ndiyo maana sikubali ukiniambia ulimkimbia mkeo kwa sababu humpendi. Mwili wako ulifanya ulichofundishwa: machozi ni hatari, toka machoni pa watu, shughulika mpaka yaishe. Ubongo haukukuomba ruhusa. Adrenalini, homoni ya dharura, ilishaachiliwa kabla hujawaza neno lolote, na mtu aliye katika hali hiyo hana maneno matamu ya kumpa mtu. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kwa miaka mingi amepima mapigo ya moyo ya wanandoa wanapogombana, aligundua kwamba anayenyamaza na kugeuka ukuta mara nyingi ni mwanamume, na kwamba moyo ukivuka mapigo kama 100 kwa dakika, kusikilizana kunakuwa karibu muhali. Mkeo anaona jiwe. Ndani ya jiwe kuna king'ora.

Lakini maelezo haya yasiwe kinga. Yeye alikuwa amefiwa na mama, akakaa sakafuni peke yake karibu saa nzima. Sababu yako ni ya kweli, na upweke wake usiku ule nao ni wa kweli, na wa kwanza hauufuti wa pili.

Kuhusu msamaha: nafurahi kwamba ulimsamehe mzee kabla hajaaga. Ila watu wetu wengi, hasa sisi tuliolelewa kanisani au msikitini, tunadhani ukishasamehe faili limefungwa. Msamaha unasafisha deni kati yako na baba. Haumfundishi mgongo wako kutokakamaa ukiguswa. Hilo ni somo jingine, na hujifunzwa kwa kurudiwarudiwa.

Hapo ndipo ulipo pia ugumu wa kitandani. Umeandika jambo ambalo wanaume wengi hulificha: mkikosana hamu huja, mkipatana inapotea. Kwa mtu aliyejifunza kwamba anayekaribia ndiye atakayeondoka, umbali ni usalama. Mkiwa mmenuniana hakuna hatari ya kumtegemea mtu, kwa hiyo mwili unalegea na hamu inapata nafasi. Mkiwa karibu kweli, king'ora kinalia na hamu inakimbia. Tendo lenyewe unaliweza kwa sababu lina kazi na lina mwisho. Kukumbatiwa baada yake hakuna kazi ya kufanya. Umebaki wewe tu, bila karai.

Kwa sababu hiyo dawa za rafiki yako hazitakusaidia, hata zikifanya kazi. Karatasi za nguvu za kiume zimejaa kwenye nguzo za stima kutoka River Road hadi Kayole, na tatizo lako haliko huko. Baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba zimepimwa katika nchi mbalimbali zikakutwa na sildenafil, kiambata cha Viagra, bila kuandikwa popote. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo hushusha presha ghafla na unaweza kuua. Ungeniambia nguvu zenyewe zinakwama, hata asubuhi unapoamka, ningekutuma kwanza kwa daktari akupime sukari na presha.

Usijione uko peke yako kwa historia yako. Mwaka 1998, ulipokuwa darasa la nne kwa hesabu yangu, kiboko kilikuwa halali shuleni. Kilipigwa marufuku 2001. Utafiti wa kitaifa wa 2010 uliowahoji vijana wa miaka 18 hadi 24 ulikuta kwamba karibu wanaume 3 kati ya 4 walikuwa wameumizwa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Uliporudiwa 2019 walikuwa kama nusu. Katika ule wa 2010, asilimia 18 ya wanaume walisema walidhulumiwa kingono utotoni. Nakitaja hiki kwa makusudi. Wanaume huniletea habari ya soksi miezi kadhaa kabla ya kuniletea habari ya kile kilichotokea taa zilipozimwa. Kama kwako halipo, sawa. Kama lipo, halikufanyi pungufu ya mwanamume, na usilibebe peke yako.

Je, mtu wa miaka 37 hubadilika? Ndiyo, na sikwambii hivyo kukufariji. Huko Minnesota, Marekani, watafiti wamewafuata watoto tangu kuzaliwa kwao katikati ya miaka ya 1970 hadi wakawa watu wazima. Ya utotoni yana uzito, lakini hayafungi mlango. Rafiki wa kweli, mlezi mwingine au mwenzi mwenye subira huweza kugeuza njia. Nami nimeyaona kwa macho yangu. Ni mwendo wa miezi, na kuna wiki utarudi nyuma.

Kwa sasa usijilazimishe kulia, wala usimwite mkeo usiku mmoja umwage kila kitu kisha utegemee asubuhi nyumba iwe mpya. Anza na kutoka kwenyewe. Sikukatazi kutoka. Moyo ukienda mbio kweli unahitaji angalau dakika 20 za kupoa, na si aibu. Kinachomuumiza mama watoto ni kwamba unaondoka bila neno na hajui kama utarudi. Mwambie: "Nimelemewa, nahitaji dakika 20, nitarudi nikae nawe." Kisha urudi, hata kama huna la kusema. Ukikaa kando yake kwenye ile sakafu bila kusema kitu umeshafanya jambo kubwa. Yeye hahitaji hotuba yako.

Kitandani, mwambie ukweli kabla ya siku yenyewe, mkiwa na nguo zenu na chai mezani: kwamba mkono wake ukikuzunguka mwili wako hushtuka, na kwamba kosa si lake. Mkubaliane muda mfupi sana. Dakika mbili za kulala mgongo kwa mgongo, au viganja tu vishikane. Zikiisha, uko huru kugeuka, lakini ubaki chumbani. Wiki ijayo ziwe tatu. Inaonekana ni jambo la kitoto. Ndivyo lilivyo, kwa sababu aliyekatishwa somo alikuwa mtoto.

Mengine yanahitaji mtu ana kwa ana. Mkeo si mshauri wako, na akigeuzwa mshauri atachoka zaidi. Kwa barua yako, ningependa uanze na vikao vyako mwenyewe, halafu vya wawili. Wengine huanza pamoja, na si vibaya, isipokuwa pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake. Kliniki za afya ya akili katika Hospitali ya Kenyatta na ile ya Mathari hupokea watu wasiolazwa, na gharama yake iko chini kuliko ofisi nyingi za binafsi kama yangu. Ukienda binafsi, uliza kama mshauri amesajiliwa. Tangu 2014 tuna sheria inayosimamia washauri na wanasaikolojia, na mtu aliyesomea kazi hii hatakasirika ukiuliza. Mchungaji wako anaweza kukuombea na kukusikiliza, namheshimu kwa hilo, ila akikuambia tatizo ni mkeo kutonyenyekea, tafuta sikio jingine.

Yapo mambo ambayo hayangoji zamu: ukianza kupata ndoto za kutisha au picha za zamani zinazokurudisha kule, ukianza kunywa ili uweze kuingia nyumbani, ukiona mkono unainuka, au ukifika mahali pa kuona afadhali usiwepo. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo. Na usinyamaze kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai inakiuka Katiba.

Kijana wako sasa. Umeandika kwamba bweni litamkomaza, na nataka usome sentensi hiyo kando ya ile ya soksi. Sisemi kila aliyesoma bweni ameumia. Wapo walioingia kidato cha kwanza wakiwa na miaka 14, wakapata marafiki wa maisha, na watu wa nyumbani walikuwa wakiwatembelea na kuwaandikia. Kuna pia familia ambazo bweni ndilo kimbilio, kwa sababu ya umbali, ukame au hatari iliyoko nyumbani. Ninyi mko Donholm, na shule za kutwa zimejaa hatua chache kutoka mlangoni. Mtoto wa miaka 8 mwenye wazazi wawili nyumbani simwoni akihitaji kukomazwa kwa njia hiyo. Anahitaji kukuona ukirudi jioni. Hapa ushauri wangu hauna pande mbili: mwakani asiende. Ukomavu unaoutaka atauona kwako siku utakapomkosea, ukamwita ukamwambia, "Baba alikosea, nisamehe."

Barua yako imenionyesha jambo moja zaidi. Mambo yote haya umeniambia mimi, mtu usiyemjua. Sijui kama mama watoto amewahi kusikia habari ya siku za kutembelewa. Nadhani hajasikia, kwa sababu angekuwa amesikia, asingeiona mitungi vile anavyoiona. Tafuta jioni moja watoto wakiwa wamelala. Usianze na baba, wala na Mombasa, wala na haya ya Kampala na Baltimore niliyokueleza. Anza na karai, sabuni, na zile soksi. Mikono yako itatafuta kitu cha kufanya. Mpe aishike.